Sura ya Sita: Kesi ya Ng'ombe wa Eustakia

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Sajenti Yuster alikuwa amechuchumaa ndani ya zizi akimkagua mshtakiwa shingoni. Mshtakiwa alikuwa ng'ombe jike mwekundu aitwaye Bihogo, na kwa jinsi alivyokuwa anatafuna maganda ya ndizi, hakuonekana kuwa na wasiwasi na kesi yake.

Katika miaka kumi na moja ya upelelezi Yuster alikwisha kuhoji wezi wa kahawa, matapeli wa viwanja na bwana mmoja aliyejifanya padri. Ng'ombe alikuwa hajapata kumhoji. Wenzake kituoni Ngara walikuwa wamemcheka wiki nzima, wakimuuliza kama amemsomea haki zake. Aliwaacha wacheke. Yeye mwenyewe hakuona kichekesho, kwa sababu alikuwa amemwona mwenye ng'ombe.

Malalamiko yaliandikwa na Sostenes, mwenyekiti wa kitongoji huku Nyakisasa. Alidai kwamba ng'ombe wanne wa Mama Eustakia, wenye masundosundo, vile vinundu vigumu vya ngozi, shingoni na kwenye chuchu, wamewaambukiza watu kumi na saba wa kitongoji, na kwamba mama huyo aliendelea kugawa maziwa huku akijua. Mkutano ulikuwa umeitishwa Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Kama polisi hawatakuwa na ushahidi wa kupinga, ng'ombe wote wanne watachinjwa na kufukiwa kwa chokaa, nyama isiliwe na ngozi isichunwe.

Yuster aliligusa sundosundo kubwa kwa kidole chenye glavu. Lilikuwa kavu, limepasukapasuka, mfano wa uyoga uliosahaulika juani. Alihesabu yaliyobaki. Kumi na manne, na wiki sita zilizopita daktari wa mifugo alihesabu ishirini na mawili. Aliandika kwenye daftari lake kwamba ugonjwa unapungua wenyewe, akapiga mstari chini yake.

Mama Eustakia alikuja na ndoo ya maji. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini na mitano, mwembamba, aliyefunga kitenge kifuani kama mtu anayejiandaa kwa kazi hata pale asipokuwa na kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijarara." Aliiweka ndoo chini. "Nikuulize kitu. Wakimchinja huyu, mimi asubuhi nitaamka nifanye nini?"

Yuster alimwonea huruma waziwazi, na papo hapo akajionya, kwa kuwa huruma kwa upande mmoja wa kesi humfanya mpelelezi aone anachotaka kuona. Ukweli ni kwamba ushahidi dhidi ya Bihogo haukuwa mdogo. Ng'ombe waliugua Januari, watu wakaanza Mei. Kati ya wagonjwa kumi na saba, kumi na mmoja walikunywa maziwa ya nyumba hii. Na kulikuwa na punda.

Punda ndiye aliyemnyima Yuster usingizi. Mali ya Shibuda, mfugaji wa upande wa Biharamulo, mnyama huyo alikuwa akija Nyakisasa kila wiki kubeba ndizi, na siku za mvua alifungwa kwenye nguzo za zizi hili. Mwezi wa Juni akaota manundu kwenye kwapa na tumboni. Hakunywa maziwa, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Kama ugonjwa uliweza kuruka kutoka kwa ng'ombe hadi kwa punda, Sostenes aliuliza kwa sauti kila alipopata wasikilizaji wawili, utashindwaje kuruka hadi kwa mtu?

Lilikuwa swali zuri. Yuster aliudhika kwamba lilitoka kwa Sostenes.

Simu ikalia. Alikuwa Dakta Claudia, daktari wa mifugo wa Biharamulo, aliyechukua sampuli wiki sita zilizopita na kuzipeleka maabara. Majibu yametoka, alisema, na yeye yuko kwa Shibuda anamtazama punda. Yuster alivaa kofia ya pikipiki kabla simu haijakatika.

Alimkuta Claudia amepiga magoti chini ya tumbo la punda, huku Shibuda ameshika kamba na kumbembeleza mnyama kwa Kisukuma. Claudia alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka, ambaye husalimia mifugo kabla ya watu. Alimpa Yuster karatasi bila kuinuka.

Sampuli zilikuwa sita: ng'ombe wawili, punda mmoja, watu watatu. Yuster alisoma mstari kwa mstari majina ya virusi vinavyoleta masundosundo. Ng'ombe: virusi vya papiloma vya ng'ombe, aina ya 2. Punda: virusi vya papiloma vya ng'ombe, aina ya 2. Watu wote watatu: virusi vya papiloma vya binadamu, aina ya 2.

Yuster aligonga zile mbili kwa kidole.

"Namba ni ileile," alisema.

Claudia alicheka hadi punda akageuka. Akaeleza kwamba namba hizo hutolewa kwa zamu ya kugunduliwa tu, na kila mnyama ana orodha yake. Darasa la tatu lina mwanafunzi namba mbili, na darasa la nne vilevile lina wake. Hiyo haiwafanyi kuwa ndugu. Undugu hutazamwa kwenye herufi za vinasaba vya virusi. Akageuza karatasi. Nyuma yake maabara ilikuwa imechora mti uliolala ubavu, wenye shina kushoto na matawi mengi kulia.

Yuster aliutazama mti ule kwa muda mrefu kuliko alivyotazama picha za mahali pa uhalifu. Virusi vya Bihogo vilikaa kwenye tawi la juu, pamoja na jamaa zake wanaoishi kwenye ngozi ya ng'ombe wengine, ya kulungu na ya kondoo. Virusi vya watu wa Nyakisasa vilikaa chini kabisa, kwenye fungu la jamaa wa binadamu na nyani. Ili kutoka tawi moja hadi lingine kwa kidole, ilibidi urudi hadi karibu na shina.

Claudia alisema virusi hivi ni wapangaji wa zamani. Vilihamia kwenye ngozi za mababu wa wanyama kabla ng'ombe hajawa ng'ombe wala mtu hajawa mtu. Koo za wanyama zilipotengana, kila ukoo uliondoka na wapangaji wake, nao wakazidi kutofautiana polepole sana. Ndiyo maana mti wa virusi na mti wa wenyeji wao hufanana mahali pengi.

"Pengi, siyo pote," Yuster alisema.

"Siyo pote. Matawi mengine hayalingani. Kuna waliohama, kuna nyumba moja iliyopokea wapangaji wa koo mbili."

"Kama huyu." Yuster alimwonyesha punda. "Kati yake na ng'ombe zipo herufi ngapi tofauti?"

"Kwenye kipande tulichosoma, tatu."

"Kati ya ng'ombe na watu?"

"Karibu nusu nzima."

Yuster aliandika. Kisha akauliza lile swali la Sostenes, maneno kwa maneno, kwa sababu alijua saa tisa ataulizwa yeye. Punda alipata kwa ng'ombe. Mtu atashindwaje?

Claudia aliinuka, akajipangusa magoti. Alisema virusi vya ng'ombe vimejulikana kwa muda mrefu kuwavamia punda na farasi. Lakini ndani ya punda havistawi; vinavimbisha ngozi, halafu vinashindwa kuzaana kama inavyotakiwa. Ni kama mgeni aliyeingia nyumba asiyojua jiko lake liko wapi.

"Sikuambii haiwezekani milele, afande. Nakuambia kwa hawa watu haikutokea. Tulikuwa na masundosundo yao mkononi, tukatafuta virusi vya ng'ombe, hatukuviona. Tumeona vya watu."

"Kwa hiyo walipata kwa mtu."

"Kwa mtu. Ila usiniulize nani. Virusi hivi vinabadilika polepole mno, vya Ngara na vya Mwanza vinaweza kufanana. Karatasi imemtoa ng'ombe kwenye kesi. Haijamtaja mtu."

Shibuda akauliza kama punda wake naye ametolewa kwenye kesi. Aliambiwa kwamba punda ni majeruhi. Aliridhika, akampigapiga mnyama shingoni.

Kabla ya kuondoka Yuster aliomba somo moja la mwisho: mtu asiye daktari atajuaje sundosundo kwa macho? Claudia alimwambia atazame mistari ya ngozi. Kwenye sugu ya kawaida mistari inapita juu yake. Kwenye sundosundo mistari inakatika, inazunguka pembeni, na ndani huonekana vidoa vyeusi kama vichwa vya sindano.

Alirudi Nyakisasa saa sita kasorobo. Angeweza kukaa kivulini akasubiri mkutano, kwani karatasi ilitosha kuwaokoa ng'ombe mbele ya watu wanaoamini karatasi. Lakini alikuwa amezaliwa kijijini, alijua watu huamini wakionyeshwa mkosaji. Usipowaonyesha ugonjwa umetoka wapi, leo watakubali na wiki ijayo zizi litavunjwa.

Akaanza na wale sita wasiokunywa maziwa. Mpelelezi anayependa kesi yake huwakimbilia wanaolingana na nadharia. Yuster aliwapenda wale wanaoiharibu.

Wa kwanza alikuwa Tecla, fundi cherehani, ambaye maziwa humsumbua tumbo tangu utotoni. Aliinyoosha mikono yake juu ya meza ya cherehani kwa aibu. Masundosundo manane, yote kwenye viganja na katikati ya vidole. Yuster akafungua daftari. Alikuwa ameandika mahali pa kila sundosundo la kila mgonjwa bila kujua litamsaidia nini, na sasa akalipitia: viganja, vidole, viganja, viganja. Hakuna mdomo hata mmoja. Ugonjwa wa maziwa unaoruka mdomo na kutua kiganjani ni ugonjwa wa ajabu.

Kisha akaona mikwaruzo. Mistari myeupe, myembamba, ilipita kwenye viganja vya Tecla kila upande.

"Hii umeipata wapi?"

"Si nyasi hizo. Za kukamulia ndizi."

Yuster alimwomba aeleze kama anamweleza mtu wa Dar es Salaam. Tecla alishangaa, lakini akaeleza. Ndizi zikishaiva humenywa na kuwekwa kwenye mtumbwi, lile gogo kubwa lililochimbwa, halafu watu hukamua kwa mikono pamoja na mafungu ya nyasi ngumu ili juisi itoke safi. Nyasi zinakata, mikono inalainika kwa juisi, unazoea. Mtumbwi mkubwa uko mmoja tu. Mwaka huu walikamua sana, jubilei ya kigango, kanisa lao dogo, Februari, kisha Pasaka. Kitongoji kizima kilipokezana, hata watoto wa shule.

"Kila mtu na nyasi zake?"

Tecla alitabasamu kwa jinsi sajenti asivyojua. Mwenye mtumbwi ndiye anayefungua kazi. Anakamua yeye kwanza, kisha fungu lake lilelile anampa anayefuata mkononi, naye anampa mwingine. Ukija na nyasi zako mwenyewe ni kama kusema jirani zako wachafu. Hata ukimpa mtu fungu jipya atakuuliza amekukosea nini.

Yuster alipita nyumba kumi na moja kwa saa moja na nusu, na swali lilikuwa moja tu. Waliokunywa maziwa na wasiokunywa, wote kumi na saba waliwahi kulishika fungu lile. Wanaokunywa maziwa walikuwa wengi kwa sababu nyepesi kabisa: zizi la Eustakia na mtumbwi wa ndizi vilikuwa hatua mia moja kutoka kimoja hadi kingine, na jirani wa kimoja ni jirani wa kingine.

Mtumbwi ulikuwa wa Sostenes.

Alimkuta nyuma ya nyumba yake, akiufuta mtumbwi huo kwa majani ya mgomba. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea mikutano. Yuster alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Mzee alitaka kujua kama chokaa imeshafika. Yuster akasema bado, na akaomba kuona mikono yake.

"Mikono yangu imeiba nini?"

"Nimeangalia ya wengine wote, mzee. Nisipoangalia ya mwenyekiti watasema nimeogopa."

Hilo lilimpendeza. Aliinyoosha. Kwenye kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba, palikuwa na kitu kigumu, cha kijivu, kipana kama kifungo cha koti.

"Hii?"

"Sugu ya jembe."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, tukilima maharage."

"Ya kushoto iko wapi? Jembe linashikwa kwa mikono miwili."

Sostenes alitazama kiganja cha kushoto kana kwamba hajawahi kukutana nacho. Yuster alitoa simu, akapiga picha, akaikuza kwa vidole viwili. Mistari ya ngozi ilikuja hadi ukingoni, ikakatika, ikazunguka. Katikati vidoa vyeusi vilionekana wazi. Kisha akamwonyesha picha ya kiganja cha Tecla aliyokuwa ameipiga mchana, nayo imekuzwa vivyo hivyo, akamweleza yote kwa utaratibu, kuanzia punda hadi fungu la nyasi.

Mzee hakubisha. Yuster alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hata alikuwa na hamu nao kidogo, kwa vile tangu Jumatatu alipoyapokea malalamiko hakumpenda mtu huyu. Lakini Sostenes aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi na uso wake ukazeeka.

"Mjukuu wangu ni wa pili kwenye orodha yako," alisema.

"Najua."

"Analia shuleni. Wenzake hawataki kumshika mkono. Nilisema nitamtafuta aliyemfanyia hivi." Akaonyesha mahali kando ya mtumbwi. "Fungu nilimpa mimi. Alikuwa amesimama hapo."

Yuster alisikia chuki yake ikimtoka, ikabaki haya. Alikuwa amemwandika mzee huyu daftarini kama mtu mwenye kinyongo, na kumbe alikuwa babu mwenye hofu. Akamwambia yale ambayo Claudia alimwambia: masundosundo haya hayaui, mengi huondoka yenyewe kwa miezi, na mganga wa zahanati anaweza kusaidia yaliyo sugu. Inatosha kila mtu aje na nyasi zake, na mwenye sundosundo apumzike kukamua hadi apone.

"Utasema jina langu mkutanoni?"

"Nitasoma majibu ya maabara, nitaeleza habari ya nyasi. Jina nakuachia wewe hadi saa tisa na nusu. Baada ya hapo ni kazi yangu."

Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kitongoji. Chokaa ilikuwa imefika, mifuko miwili imeegemezwa ukutani. Eustakia alikaa mbele, peke yake kwenye benchi la watu watano. Yuster alisimama akausoma ule mti, akaeleza matawi kwa lugha ya koo, na watu waliozaliwa wakihesabu koo walielewa upesi kuliko alivyotegemea. Aliposema ugonjwa wa watu umetoka kwa watu, manung'uniko yakaanza. Kila mmoja aliitazama mikono ya jirani yake. Mtu wa nyuma akauliza, basi ni nani.

Yuster aliitazama saa. Saa tisa na dakika ishirini na sita.

Sostenes alisimama. Alianza kwa Kihangaza, akanyamaza, akaanza upya kwa Kiswahili ili sajenti aandike. Aliinua kiganja chake cha kulia juu na kukigeuza upande huu na ule ili wote waone. Akasema ni yeye. Hakujua, lakini ni yeye, na ng'ombe wa Mama Eustakia hawana kosa, na mama mwenyewe hana kosa, na maneno aliyoyasema juu yake anayafuta mbele ya watu walewale waliomsikia akiyasema. Sauti yake ya mikutano haikumsaidia. Ilimkatikia mara mbili.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanapima la kufanya, na Yuster aliona kwamba hapo ndipo kesi ingeweza kuharibika, kwani kitongoji kilichokuja na hasira yake kilikuwa hakijapata pa kuitua.

Ndipo mzee alipotoka mbele ya meza, akaenda hadi kwenye benchi la Eustakia, akavua kofia. Akamwomba ng'ombe.

Hata Yuster, ambaye hakuwa Mhangaza, alijua maana yake. Huku mtu hamwombi ng'ombe adui yake, wala hamwombi aliye chini yake. Ukimwomba mtu ng'ombe na akakupa, umekuwa wake. Utasimama naye penye furaha na msiba, na watoto wako watasimama na watoto wake. Mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya kitongoji chote, alikuwa anamwomba mjane ndama wa Bihogo atakayezaliwa.

Eustakia hakuinuka. Alimtazama mzee huyo kwa muda, akautazama ule mkono ulioshika kofia. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yalishuka. Akasogea mwisho wa benchi na kumwachia nafasi ya kukaa.

"Njoo uchukue," alisema. "Kwanza upone huo mkono. Usije ukaniambukiza ng'ombe."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikasambaa uwanja mzima, na Sostenes akaketi.